Meza Iliyoinama

Pale mtaani kwetu Kasulo watu wamechimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao mpaka sakafu ya baa yetu imeinama, na meza ya biyari imeinama nayo. Nilijifunzia hapo mchezo huo wa kugonga mipira kwa fimbo. Mpira huvutwa kulia, kwa hiyo nilizoea kulenga kushoto kidogo ya tundu, na mtaani hakuna aliyeniweza.

Kisha wakaja watu wa ligi mpya wakisema mchezaji atapata mshahara kila mwezi, kama mtu wa kampuni. Nikaacha kazi yangu ya pikipiki, nikaenda kujaribiwa. Meza yao ilikuwa sawa kabisa. Niliiona kwa macho, lakini mkono ulikataa kuamini. Kila nilipopiga, mpira ulienda kushoto. Mchezaji niliyepangiwa akanishinda, nikatolewa mapema.

Nyumbani mke wangu, ambaye huniita tata, yaani baba, akauliza, "Na ule mushahara yenye balisema, tata?" Nikatoka bila kula.

Hasira imenikaa hadi leo, tena sijui nimkasirikie nani. Yule mchezaji aliyenitoa alilipwa mwezi wa kwanza, kisha ligi ikanyamaza, haikulipa tena. Siku hizi anakaa kutwa baani kwetu, anajifunza kulenga kushoto kwenye meza iliyoinama.