Mkunga Aliyekataa Kusifu Filamu

Wodini walimwita Sista, lakini mdogo wake alimbandika jina la Bi Kasoro, na halikumkera. Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumamosi ambayo hakuwa na zamu, dada hao wawili walikwenda sinema ya saa nane mchana, na wakitoka walirudi kwa miguu huku mkubwa akitoa hukumu.

"Yule askari kapigwa risasi ya bega," alisema Jumamosi moja, "halafu anapanda ukuta kwa bega hilohilo. Mtu wa namna ile hata shati havai peke yake mwezi mzima."

"Dada, ni filamu tu."

"Najua ni filamu. Nimeikalia saa mbili."

Hakuwa mchoyo wa sifa. Filamu ya mapenzi waliyoiona baadaye ilimliza waziwazi, akasema mzee aliyecheza baba mtu anajua kunyamaza kuliko wenzake wanavyojua kusema. Ila mvua, alisema, iliwanyeshea wapenzi wawili tu. Nyuma yao lami ilikuwa kavu.

Kisha mdogo wake akaja na habari. Mwanawe wa kwanza, mpiga picha za harusi, amemaliza filamu yake mwenyewe, ya dakika hamsini, kuhusu mwanamke anayejifungua ndani ya ghala wakati wa mafuriko. Ataionyesha kwenye ukumbi wa shule.

"Utakuja," mdogo alisema. "Na ulimi wako uuache nyumbani."

Ukumbi ulijaa ndugu, majirani na walimu. Kwenye pazia, mwanamke wa ghalani alipiga kelele mara nne bila hata unywele mmoja kukaa vibaya, na mtoto akatolewa mkavu, mnene, macho yamefumbuka. Watu walipiga makofi. Kipaza sauti kikaanza kuzunguka. Jirani alisema kazi kama ile haijapata kuonekana. Mwalimu mkuu alisema ametokwa machozi. Kilipomfikia mkunga, mdogo wake alimfinya goti.

Alisimama. "Mafuriko umeyapatia, mwanangu. Yale maji yanayopenya chini ya mlango yalinitisha kweli. Lakini mtoto yule ana miezi mitatu. Na mama yake hajajifungua pale. Ametutangazia tu kwamba anajifungua."

Wachache walicheka, wakajikatiza. Kijana alikipokea kipaza sauti bila kumtazama.

Siku kumi na moja mdogo hakupiga simu. Siku ya kumi na mbili alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Mtoto amefungia kamera ya filamu kabatini. Anasema atarudi kwenye picha za harusi tu, basi. Nenda umwombe radhi, umwambie hukumaanisha."

Mkunga alikuwa akipiga pasi sare. Aliisimamisha pasi. Moyo ulimuuma. Kijana yule alipozaliwa, ni yeye aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe, akamwosha, akamkabidhi kwa huyuhuyu anayemfokea sasa.

"Kumsema mbele za watu nimekosa, na kwa hilo nitamwomba radhi. Lakini nikimwambia sikumaanisha, nitakuwa nimemfanya mjinga."

"Wewe ni mkaidi tangu utotoni."

"Ndiyo. Na kesho nitakwenda kwake."

Alikwenda moja kwa moja kutoka kazini, miguu imevimba. Kijana alikuwa studio akifuta lenzi ambayo haikuwa chafu.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema, kwa baridi.

"Marahaba. Nimekuja kuomba radhi. Nilipaswa kukuita pembeni."

Kijana aliiweka lenzi mezani. "Na maneno yenyewe?"

"Maneno nimekuja nayo pia."

Hapo alicheka kidogo, bila kupenda. Akasema mwigizaji alimwuliza afanyeje, naye akamwambia alie tu, kwa sababu hakujua la kumwambia.

"Nina Jumapili mbili bila zamu," mkunga alisema. "Ukitaka, mlete huyo mwigizaji nyumbani. Usipotaka, filamu ni yako."

Alhamisi kijana alipiga simu, akakubali.

Walisogeza makochi sebuleni. Mwigizaji, binti ambaye hajawahi kuzaa, alianza kwa mayowe, mkunga akamkatiza.

"Ukifika hapo huna pumzi ya kugawa, binti yangu. Shika ukingo wa meza. Uchungu ukija, usiukunjie uso. Usikilize."

Walirudia asubuhi nzima, na Jumapili ya pili tena, hadi binti akatokwa jasho la kweli. Walipopumzika, mkunga alimsimulia kijana jinsi chumba kinavyonyamaza kabla mtoto hajalia, na jinsi kimya kile kinavyomtia hofu hadi leo. Kijana aliacha kuandika. Akasema, kama anajiambia mwenyewe, kwamba mtoto haonyeshwi. Watu watamsikia tu nyuma ya magunia.

Sehemu ile ikapigwa upya, na filamu ikaonyeshwa tena shuleni. Mara hii ya pili ukumbi ulikuwa nusu tupu, maana wengi walidhani wameshaiona. Kimya cha ghalani kilipofika, hakuna aliyekohoa. Kilio cha mtoto kiliposikika, mwanamke mmoja wa safu ya mbele alijifunika uso kwa kanga.

Safari hii mkunga alingoja watu watoke.

"Mwanzo unajikokota," alisema, "na yule mume anahutubia mno. Lakini pale pa kujifungua nilitaka kuinuka nikasaidie."

Kijana alitoa daftari. "Anahutubia wapi hasa?"

"Taa ya ghalani ikishazimika."

"Hata mimi nililiona hilo," mdogo wake alisema, akikunja kiti chake.