Jina Nililoshindwa Kulitaja

Wenzangu, leo nimemnyima tuzo mwalimu aliyenifundisha kufikiri.

Hapa chuoni Mbeya tulikuwa tukimchagua mwalimu bora kwa kutaja majina. Wawili wakalingana kura, nikabaki mimi wa mwisho.

"Taja jina, binti," akasema mgeni rasmi.

Mwalimu niliyemtaka ni baba wa mchumba wangu. Tangu mahari ipokelewe, kwetu Wanyakyusa mila hainiruhusu kutamka jina lake, kumtazama wala kusema naye.

"Yule wa hesabu," nikasema.

"Wa hesabu wote wawili. Jina, si kitendawili!"

Ukumbi ukacheka.

Jirani yangu akaninong'oneza, "Sema tu, dada, mama yako hayupo kukukemea!"

Nikaketi bila kupiga kura. Mgeni rasmi akaamua mwenyewe, tuzo ikaenda kwa mwenzake.

Mwalimu wangu anastaafu mwezi ujao, hatapata nyingine.

Semeni, ninyi mngelitaja jina hilo?

Mimi hata pole siruhusiwi kumpa.