Mihogo Iliyopimwa kwa Mizani ya Dhahabu

Houda binti Yahaya alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwao Jabe kusoma kupita digrii ya kwanza. Alisomea uhandisi wa kilimo, tena katika miaka ile ya vita na vikwazo, petroli ikiwa adimu kama mvua ya kiangazi na nusu ya wahadhiri wameshajipatia kazi ng'ambo. Baba yake, fundi wa magari, hakuchoka kuwaeleza wateja.

"Anasomea mashini za mashamba," Mzee Yahaya alisema.

"Mashamba gani, Mzee? Si milima yote imefungwa?"

"Ingekuwa wazi, angelima. Imefungwa, njo maana anasoma."

Tasnifu yake ilihusu kukausha mihogo kwa jua. Alikuwa ameunda sanduku la mbao lenye bati jeusi ndani, likafunikwa kwa kioo cha mbele cha gari moja lililokaa gereji mwaka mzima likisubiri vipuri. Sanduku lilifanya kazi. Kilichokuwa hakifanyi kazi ni chuo.

Ili kujua mihogo imebaki na unyevu kiasi gani, lazima uipime kabla na baada, kwa mizani inayohesabu hata sehemu ya kumi ya gramu. Mizani hiyo ilikuwamo maabara, ndani ya kabati. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mhadhiri aliyekwenda Ubelgiji kwa semina ya wiki mbili, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu wa semina. Houda alipopendekeza kabati livunjwe, Profesa Zénon, msimamizi wake, alivua miwani akamtazama kama aliyetukanwa.

"Mademwazeli, lile kabati ni mali ya serikali. Tumwandikie mwenye ufunguo."

Wakaandika. Baada ya miezi minne jibu likaja: mwenye ufunguo aliwatakia kila la heri katika utafiti.

Houda akabeba mihogo yake kwenye kikapu mpaka dukani kwa mjomba wake Khaled, sonara. Khaled alisukuma pete na hereni kando, akafuta mizani yake kwa kitambaa, akaweka kipande cha muhogo katikati ya sahani kwa ncha za vidole.

"Huu muhogo umezidi pete ya bibi-arusi," akasema. "Andika, mwanangu, kabla upepo haujaupunguza."

Akawa anakwenda kila siku mbili. Tanuri, la kumalizia unyevu wote ili ajue uzito mkavu, alilipata kwa mwoka mikate wa jirani, aliyemruhusu aingize sahani zake mkate ukishatoka. Lakini Jabe haina siri. Watu walipomwona binti wa Yahaya akiingia na kutoka kwa sonara na kikapu kilichofunikwa, wakajumlisha wenyewe. Siku moja polisi wawili wakasimama mlangoni pa gereji.

"Tumesikia munaficha zaabu mu mihogo," akasema mmoja.

"Afande, hii ni mihogo tu," Houda akajibu. "Nasomea unyevu wake."

Yule askari alitafakari. Mtu mzima, mwenye akili zake, anasomea unyevu wa mihogo? Uongo wa namna hiyo lazima uwe na kitu ndani. Wakachukua kikapu kizima kwa uchunguzi. Hakikurudi, ingawa wiki ile mke wa askari mmoja alionekana sokoni akipeleka mihogo kusagwa. Katika tasnifu Houda aliandika: "Sampuli ya nne ilipotea kwa sababu za kiutawala." Profesa Zénon aliupenda sana mstari huo. Ndio pekee ambao hakuusahihisha.

Mengine yote aliyasahihisha. Jambo kubwa lilikuwa kichwa cha kazi, ambacho kamati ilikipitisha kabla ya barabara kufungwa: ukaushaji wa mihogo "katika mazingira ya vijijini".

"Majaribio ya Jabe hayahesabiki," alisema Profesa. "Nenda mlimani, fanya majaribio matatu, niletee muhuri wa mkuu wa tarafa. Sayansi haijui vita."

Yeye mwenyewe, kwa miaka minne, hakuwahi kuvuka ng'ambo ya mtaa wake wa Kinanira isipokuwa kuja chuoni, na siku milio ya risasi iliposikika vilimani sayansi yake ilibaki nyumbani naye.

Houda hakuwa mtu wa kubishana kabla ya kujaribu. Alifunga sanduku juu ya mkokoteni, akaenda mpaka kizuizi cha mwisho cha barabara. Askari akazunguka mkokoteni mara mbili.

"Unakwenda wapi na hii jeneza, dada?"

"Kukausha mihogo."

"Kule juu mihogo wanaichoma, dada, apana kuikausha. Rudi kwenu."

Akarudi. Njia nzima hakulia, lakini alipofika gereji alikaa ndani ya lile gari lisilo na kioo mpaka baba yake akamletea chai.

Ni Mzee Yahaya aliyemkumbuka Sylvère. Bwana Sylvère alikuwa mkuu wa tarafa moja ya milimani. Tarafa ilipokimbiwa naye alikimbia, na kwa miaka miwili alikuwa akiishi Jabe kwa kaka yake, muhuri mfukoni. Kila asubuhi alivaa koti, akakaa barazani, akasubiri wananchi. Houda alipomweleza shida yake, alifurahi mpaka akasimama.

"Tarafa ni nini? Ni mimi na muhuri. Lete karatasi, nitaandika umekausha kwangu mara tatu. Hata mara tano!"

Wino ulikuwa tayari. Houda aliitazama ile karatasi nyeupe, akaona jinsi mambo yangekuwa mepesi: muhuri, sahihi, shahada. Halafu akawaza takwimu zake, zile alizozipima kama dhahabu, zimelala chini ya uongo mmoja wa muhuri. Roho ikakataa.

"Chefu, watu wako wako wapi sasa?"

Sylvère akashusha kalamu. "Mu kambi ya wakimbizi, pale nyuma ya mji. Wote." Kisha, kwa sauti ndogo: "Sijakwenda kuwaona."

"Basi twende wote."

Kambini walipokelewa na Léocadie, mwanamke mwenye sauti ya kengele aliyeongoza wanawake wenzake. Alimsalimu mkuu wake kwa adabu, akamwuliza kama alipotea njia. Kisha akalizunguka sanduku, akainua kioo, akatoa kipande cha muhogo, akacheka.

"Ni nani alikufundisha kukata hivi? Hii ni muhogo ao ni tofali?"

"Ni kipimo cha kitabu," Houda akasema.

"Huyo mwenye kitabu ana wapishi. Leta kisu."

Akakata vipande vyembamba, unaona mwanga upande wa pili. Mihogo iliyokuwa ikichukua siku tatu ikakauka kwa siku moja na nusu. Houda akarudia, akapima kwa Khaled, akarudia tena. Miaka miwili alikuwa amehangaika na pembe ya kuinamisha kioo kwa jua, na kumbe dawa ilikuwa kisu. Alimwandika Léocadie kwa jina, ukurasa wa thelathini na moja, na Sylvère akapiga muhuri kwenye karatasi iliyosema ukweli: majaribio yamefanywa na wakulima wa tarafa yake, mahali walipo.

Siku ya kutetea tasnifu, jopo lilihitaji maprofesa watatu. Wahandisi walikuwa wamebaki mmoja, Zénon. Wakamwongeza daktari wa mifugo, na mwalimu wa sheria aliyeuliza kuhusu nukta na mikato tu. Juu ya kikaushio walizungumza dakika kumi. Juu ya swali kama kambi ni kijiji walizungumza saa mbili.

"Kijiji ni palipo na mifugo," alisema mwalimu wa sheria.

"Basi mtaa wangu wa Kigobe, na maghorofa yake, ni kijiji," daktari wa mifugo akajibu. "Nina ng'ombe watatu uani kwangu."

Houda, amesimama mbele yao na chaki mkononi, aliomba ruhusa ya kukaa. Mwishowe wakampa alama za juu, kwa sharti abadilishe kichwa cha kazi. Profesa Zénon alimshika mkono kwa muda mrefu.

"Ile ya kisu," alinong'ona, "mimi nisingeigundua."

"Hata mimi sikuigundua, Profesa."

Shahada yenyewe ilichelewa miaka mitatu kwa kukosekana karatasi nene ya kuichapa, lakini chuo, kwa kuwa walimu wamekwisha, kilimwajiri mara moja. Darasa lake la kwanza alilipeleka kambini na visu kumi na viwili. Wanafunzi walisimama na madaftari yao, wakisubiri kuamriwa waandike nini. Mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii itakuwa mu mtihani?"

"Muulize yeye," Houda akasema, akimwonyesha Léocadie, ambaye tayari alikuwa amemnyang'anya kijana kisu na kumgeuzia makali upande unaofaa.