Évariste na Swichi ya Bellevue

Évariste wa Uvira alikuwa fundi wa umeme mwenye mdomo mchafu na kazi safi. Mtaa mzima wa Bellevue, huku kusini alikohamia kutoka Kongo, ulijua: ukichezea sanduku la swichi alilofunga yeye, unatukanwa wewe, mama yako na mashemeji zako.

Mwaka 2017 aliishi na mkewe Célestine katika nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba. Célestine aliosha na kusuka watu nywele chumba cha mbele, sakafu imelowa mchana kutwa, na juu ya beseni ilipita paipu ya chuma iliyobeba nyaya za umeme kwenda vyumba vya nyuma. Ndani ya paipu hiyo waya mmoja ulikuwa umechubuka. Kwa hiyo Évariste alifunga ile swichi ambayo sheria ya umeme ya nchi hii inaidai: umeme ukivuja tu, inakata. Na kweli ikakata. Asubuhi ikakata, jioni ikakata, ugali ukabaki mbichi jikoni, wapangaji wakaja juu.

"Mwambieni mwenye nyumba avunje ukuta nibadilishe waya!" Évariste aliwafokea. "Swichi ina kosa gani? Anayepiga yowe ndiye mwizi?"

Mwenye nyumba hakutaka ukuta wake uguswe. Akamtuma Chris, Mkongo mwenzao wa Kalemie, jitu la miraba minne ambalo kazi yake ilikuwa kuwanyoosha wapangaji.

"Papa Évariste, toa hiyo swichi. Unga moja kwa moja."

"Mke wangu anasimama majini chini ya paipu hiyo. Nitoe swichi, nimzike? Toka hapa, mbwa wewe!"

Chris aliokota kipande cha paipu akampiga mkono wa kulia, mfupa ukalia kwaa! Alipoanguka akampiga tena, mbavuni, mdomoni, mpaka jino likatoka. Célestine alimrukia mgongoni akamng'ata sikio, naye akatupwa ukutani. Kisha Chris akang'oa swichi, akaunga nyaya, akalifunga sanduku kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Sharp, mambo safi," akasema, akifuta damu sikioni. "Sasa pikeni."

Umeme haukukatika tena, na hilo ndilo lililomkosesha Évariste usingizi. Alimwapisha mkewe asiiguse paipu ile abadani, wala asivue viatu vyake vya mpira. Kuhama wangehamia wapi, na wateja wote wamezoea hapo?

Haikupita wiki, Chris akaja na ndala zake kumtisha Célestine, mbele ya Évariste, asithubutu kwenda polisi. Akanyanyua ngumi. Povu la sabuni likamtelezesha, ndala zikamtoka, naye asianguke akaidaka paipu.

Umeme ukamnasa, asiweze kuiachia. Macho yalimtoka pima, meno yakagongana, akawa anatoa mlio wa mbuzi anayechinjwa.

"Mwache!" Célestine akapiga kelele. "Mwache afe, shetani huyo! Mungu amenijibu!"

Évariste naye alitamani. Tusidanganyane, alitamani kwa moyo wote, na kwa kitambo alisimama tu akitazama. Kuzima asingeweza, maana ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwa mtu asiyegusika. Mwisho akasonya, akanyakua kwa mkono wa kushoto mchi mkavu wa kutwangia sombe, yaani kisamvu, akaushusha kwenye mkono wa Chris. Haukung'oka. Akapiga tena, sasa kwa hasira ya jino lake na mbavu zake, mpaka mkono ule ukavunjika na Chris akadondoka majini.

Alipopata pumzi, jitu lililia. "Eish, Papa... irudishe. Irudishe hiyo swichi."

"Kwa mkono upi, mpumbavu wewe?" Évariste akamwonyesha bandeji.

Basi waliirudisha wote wawili. Évariste alichomoa ufunguo mfukoni mwa Chris, akafungua kufuli, akazima umeme wa nyumba nzima. Chris akaishikilia swichi kwa kushoto, Évariste akakaza skrubu kwa kushoto, wakitukanana bila kupumzika, na Célestine nyuma yao na mchi begani. Kazi ilipokwisha Évariste akawasha. Swichi ikakata papo hapo, redio zote za nyumba zikanyamaza, na safari hii hakuna mpangaji aliyefungua mdomo.

"Mama, nipelekeni hospitali," Chris akaomba.

Célestine akaenda chumbani akarudi na nyundo, akaitia katika mkono mzima wa Chris.

"Utakwenda," akasema. "Kwanza vunja ukuta."