Msomaji wa Kijitabu Changu

Nazikumbuka kwa hamu siku zile za miaka ya themanini hapa Eldoret. Chuo chetu kilikuwa na kompyuta moja tu, nayo tuliifunika kitambaa cha maua. Nikaandika kijitabu kuhusu kulinda siri zilizo ndani ya kompyuta, idara ikakichapisha.

Siku moja nilikifungua maktabani. Kadi ya kuazima ilikuwa imejaa mihuri! Kichwa kikanivimba, nikamvuta mkuu wa idara aje ajionee jinsi utafiti wangu ulivyoenea.

"Wanaokiazima ni kina nani?" akamuuliza mkutubi.

Mama yule akatazama daftari. "Ni mtu mmoja tu. Jepkosgei."

Jepkosgei alikuwa karani wetu wa taipu. Akaitwa, akaja mbio, akidhani amekosa.

"Nisamehe, Mwalimu. Kila wikendi napelekea mama hiyo kitabu huko Kimumu. Majirani wakija, anawaonyesha kazi yangu."

"Kazi yako?"

"Si ni mimi nilitaipu?"

Mkuu akageukia dirisha, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nami bado nikang'ang'ania: "Na mama alisema nini juu yake?"

"Alisifu sana, Mwalimu. Alisema hakuna mahali nimefuta herufi."