Futari ya Vijana wa Kanisa

Ijumaa iliyopita nilikuwa barazani kwa fundi cherehani, hapa Kariakoo, nikingoja suruali yangu, walipotokea vijana sita wa kanisa. Walikuwa wamefunga tangu alfajiri wapate kuijua njaa ya maskini, na kila aliyewasalimu walimjibu, "Tumefunga." Unga waliojinyima walikuwa wakimpelekea bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu, mjane wa mpagazi aliyekwenda na vita vya Wajerumani asirudi.

"Shikamoo, bibi. Tumefunga, tumekuletea unga."

"Marahaba. Mmefunga, na magharibi hii inaingia? Kaeni!"

Kijana mmoja alijaribu kueleza kwamba mfungo wao si ule wa Ramadhani. Bibi hakumsikiliza. Kwake yeye, aliyefunga hapiti mlangoni jua likizama bila kufuturu. Alitandika mkeka, akaleta sufuria ya mihogo, akawagawia kipande kimoja kimoja, kisha akaikwangua sufuria mpaka ikalia.

"Na wewe, bibi, huli?"

"Mimi nimeshakula."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Kala saa ngapi?" alininong'oneza. "Moshi wake umetoka mara moja tu leo, wa mihogo hiyo hiyo."

Binti mmoja alikata kipande chake katikati, akamtia bibi nusu kiganjani, akamfumba vidole. "Basi kula tena, bibi."

Akala, uso kautazamisha ukutani.

Jioni nzima nilikuwa nikisikia, "Tumefunga, tumefunga." Njaa yenyewe ilipofungua kinywa, ilisema, "Mimi nimeshakula."