Matanga Bila Shahidi

Jumamosi nilikuwa saluni ya Wakongo kule South Beach, mke wangu akisukwa. Televisheni ilionyesha mchezo wa kuigiza kuhusu askari weusi waliopelekwa vitani na familia walizoziacha. Ofisa alibisha mlango, akavua kofia, akamwambia mke wa askari kwamba mumewe amekufa. Mke akaanguka chini akilia.

"Huyu amekubali haraka," akasema msusi, vidole vikiendelea na kazi.

Mwenzake akapunguza sauti ya televisheni. "Na wewe kubali, dada. Bwana wako alienda vitani kule kwetu, habari hakuna. Familia yake inataka kufanya matanga."

"Nani aliona maiti?"

"Hakuna. Lakini wakubwa wamekaa, wamekata neno."

"Matanga ikiisha, ndugu yake atachukua nyumba, na mimi ndani yake. Bwana akirudi, nitamwambia nini? Walete mtu mmoja tu aliyeona kwa macho. Nitalia hapa hapa mbele ya wateja."

"Eish, dada, una kichwa kigumu."

"Iko kigumu, ndiyo. Nipe kitana."

Mwenzake akanigeukia, akitaka nimwunge mkono. Nilimwambia wazi kwamba sitasaidia kumzika mtu kwa maneno. Akanuna.

Ukipoteza pochi mjini hapa, polisi watakuuliza nani aliona. Sijui kwa nini mjane huyu, samahani, mke wa mtu huyu, aonekane mkaidi kwa kuuliza vivyo hivyo kuhusu mumewe.